Bibi Harusi Yuko Ndani

Ukitoka Makambako kwenda Njombe, kaa dirishani. Basi likishaiacha barabara kuu ya Mbeya, vilima vinaanza kupandana: mipaini, miwati, mashamba ya viazi, mbele zaidi chai. Picha nyingi za kwetu ninazokutana nazo mitandaoni zimepigwa kwenye vilima hivi. Ukungu, mistari ya chai, jua la asubuhi. Zinapendeza, na hazina mtu. Akiwemo, ni mgeni aliyevaa koti, ameipa kamera mgongo.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikirudi kwa Sam Ntiro, ingawa hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akaenda Slade, London, na baada ya Uhuru akaiwakilisha Tanganyika kama balozi Uingereza. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi mbali na mlima, lakini brashi yake haikuhama. Aliendelea kuchora watu wa kwao wakilima, wakivuna, wakijenga, wakisherehekea.

Picha yake ninayoifikiria zaidi ni ya mwaka 1956, na sasa iko kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Ni ndogo, takriban sentimeta 41 kwa 51. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa: Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku.

Kwa Ntiro, migomba haikai nyuma ya watu kama pazia la studio. Pombe ile imetoka kwenye migomba. Watu wanabeba kile kilichoota pale wanapopita, na wanakipeleka kwa watu watakaokuwa ndugu zao. Ondoa migomba, hakuna mbege. Ondoa mbege, mlango wa wakwe haufunguki. Ndiyo maana nasema ametuzidi sisi wapiga picha wa ukungu. Sisi tunaitazama ardhi. Yeye anaonyesha inavyotumika kuwaunganisha watu.

Wapo wanaomlaumu kwa nyuso. Watu wake wanafanana, sura zao zimeguswa tu kwa brashi, huwezi kusema huyu ni fulani. Mimi nilikuwa namtetea. Kwenye msafara, nilisema, hakuna fulani. Kuna mwendo mmoja.

Halafu nikamwonyesha shangazi yangu, Makambako, jikoni kwake, kwenye simu. Akafuta mikono kwenye kanga, akaisogeza simu karibu na taa.

“Wanabeba nini?”

“Pombe ya ndizi, shangazi. Wanampelekea bibi harusi.”

“Kama ulanzi.”

“Kama ulanzi.”

Akacheka. Kwetu mianzi ndiyo migomba. Wakati wa mvua mgemi hukata chipukizi la mwanzi, akakinga utomvu unaodondoka. Ukinywewa mapema ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anaonja. Ukikaa, unakuwa mkali. Hausubiri mtu. Shangazi aliolewa mwezi Machi, ulanzi ukiwa tele, na ulibebwa usiku kama huo.

“Na yeye yuko wapi?” akauliza.

“Nani?”

“Huyo bibi harusi.”

Nikamwambia ndiko wanakoelekea.

“Mimi nilikuwa ndani,” akasema. “Niliwasikia wanakuja. Kila sauti niliijua ya nani.” Akanirudishia simu, akageukia sufuria.

Tangu siku ile utetezi wangu umepungua nguvu. Kwa aliye nje, msafara ni mwendo mmoja. Kwa binti aliye ndani, kila anayekuja ana jina, na mmoja wao ndiye atakayelala naye maisha yote. Ntiro alipenda jamii yake kiasi cha kuichora maisha yake yote, na upendo huo unaonekana. Lakini katika jina la picha hii wanaume wanatembea, mwanamke ni mahali pa kufika. Umoja tunaousifu umechorwa kutoka njiani.

Sisemi picha hii itupwe. Bila yeye nisingemwonyesha shangazi kitu, na shangazi asingenijibu. Picha za ukungu hazijawahi kumfanya aseme neno. Anazitazama, anasema “nzuri,” anaendelea kumenya viazi.

Kwa hiyo kijana wa Njombe anayenunua rangi leo, akiwa na mianzi, chai na parachichi mbele yake, Ntiro amemfungulia njia. Aifuate, abebe na kibuyu kama wengine. Akifika mlangoni asibaki nje. Aingie, akae karibu na binti, asikilize sauti zinazokuja, kisha achore sura moja moja.