Ukubwa wa Kihisi

Wapo wapiga picha wanaokizungumzia kihisi cha fremu kamili kana kwamba kipimo chake kilishuka kutoka mbinguni. Nami nilikuwa mmoja wao. Kumbe hizo milimita 36 kwa 24 ni urithi wa filamu tu, kipimo kilichoenezwa na kamera za Leica tangu mwaka 1925. Canon walipotoa EOS-1Ds mwaka 2002, ikiwa na megapikseli 11, walikirudisha kipimo kile ili lenzi za zamani zione kama zilivyozoea kuona.

Sikatai faida yake. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya kihisi cha APS-C, hivyo hukusanya nuru nyingi zaidi, na gizani picha haijai chengachenga. Ili niipate ya kwangu niliuza kamera mbili na kukopa juu yake. Nilidhani nimenunua jicho.

Mwaka uliofuata mama akaugua. Jioni moja umeme ulikatika, tukawasha kandili, naye akacheka kwa neno alilosema mjukuu wake. Kamera yangu ilikuwa mkobani, lenzi kando. Dada yangu akampiga picha kwa simu. Picha ile imejaa chenga, nayo ndiyo ya mwisho tuliyo nayo mama akicheka.

Tangu hapo nauangalia mustakabali wa vihisi hivi kwa jicho jingine. Chini yake ziko simu, ambazo huunganisha picha kadhaa kuwa moja na kupunguza chenga kwa hesabu. Juu yake, tangu 2017, iko Fujifilm GFX yenye kihisi cha milimita 44 kwa 33. Fremu kamili yenyewe sasa inatafuta kasi kuliko ukubwa: Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, husoma kihisi chote kwa mara moja, hata kinachokimbia hakipindi pichani. Lakini ISO yake ya kawaida huanzia 250. Kila faida ina malipo yake.

Kwa maoni yangu haitakufa, maana lenzi nyingi mno zimetengenezwa kwa ajili yake. Itakachopoteza ni ule utukufu wa kuwa ngazi ambayo kila mpiga picha lazima aipande. Itabaki chombo cha kazi, kama patasi ya seremala.

Yangu ningali nayo, na deni nimelimaliza. Siku hizi hulala mezani, lenzi ikiwa mahali pake.