Habari na Wapokezi Wake

Kwa wanahistoria wa karne za mwanzo za Uislamu, khabari haikutimia bila ya jina la aliyeipokea. Tabari, aliyefariki mwaka 923, huweka pamoja masimulizi yanayopingana, kila moja na silsila yake, msomaji akapima mwenyewe.

Mizani hiyo yafaa kupimia *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, iliyoanza kuchapwa mwaka 1895. Mbega, shina la ukoo huo, anatoka Ngulu, nchi ambayo sehemu yake ilikuwa ndani ya Handeni hadi Wilaya ya Kilindi ilipoundwa mwaka 2002. Mwandishi naye alimtumikia Semboja huko Mazinde, katika Korogwe ya leo.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu, na ndipo ilipo kasoro yake. Kinapofikia zama alizozishuhudia, mabaraza na vita vinasikika sauti za watu. Zama za Mbega, kinyume chake, zasimuliwa kwa kauli moja iliyonyooka, nayo ni kauli ya nyumba ya watawala. Wabondei, waliowaasi Wakilindi, wangelisimulia vipi? Na Wazigua je?

Hatusemi kitabu kiwekwe kando. Nathari yake ingali hazina. Mwalimu wa Handeni au Korogwe na akisomeshe, kisha awatume wanafunzi kwa wazee wa kila upande, nao waandike waliyoyasikia pamoja na jina la msimulizi. Sifa kwa mwandishi bila ya kumhoji ni heshima nusu.