Kuchanja au Kuparura? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Bustani

Mijadala ya istilahi hupamba moto zaidi katika sheria, siasa na sayansi. Kazi za mikono, kama utunzaji wa bustani, aghalabu huachwa kwa mfasiri mmoja aziamue peke yake. Makala haya yanahakiki istilahi moja ya kazi hizo, kwa kuwa twaona madhara yake si madogo.

Tumepata kusoma karatasi ya maelekezo ya kutunza viwanja vya nyasi, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya watunzaji wa viwanja vya shule na vya maofisi. Hatutaji ilikotoka, maana kosa lake ni la wengi. Neno lililompa mfasiri taabu ni scarification. Katika bustani, neno hilo lina maana ya kupitisha reki yenye meno makali juu ya nyasi, ili kung'oa utando wa vikonyo na vijiti vikavu uliojijenga kati ya majani mabichi na udongo. Mfasiri ameandika mahali pamoja "kutia nyasi makovu", na mahali pengine "kuchanja nyasi kwa upole".

Tuanze na makovu. Mfasiri amedhani kwamba neno hilo limezaliwa na lile la Kiingereza lenye maana ya kovu. Kumbe yanafanana kwa sura tu. La kwanza asili yake ni neno la Kigiriki la kalamu yenye ncha ya kukwaruzia. La pili latokana na neno la Kigiriki la meko, lililokuja kutumika kwa gaga la kidonda cha moto. Tena kovu ni alama inayobaki, ilhali kazi hii ikifanywa vyema haibakizi alama yoyote.

Ama kuchanja, kosa lake ni la ndani zaidi, kwa sababu neno lenyewe ni zuri na lina kazi nyingi. Twachanja kuni, twachanja chale, na twachanja watoto. Chanjo ya ndui, maradhi yaliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, ilitiwa kwa kukwaruza ngozi au kuidunga mara kadhaa. Ndipo neno la chale likawa jina la kinga. Leo asikiaye chanjo hafikirii jeraha, bali dawa. Hebu tumfikirie mtunza uwanja wa shule huko Turwa, Tarime, katika mkoa wa wafugaji ambako ng'ombe nao huchanjwa. Akisoma kwamba nyasi zichanjwe ili zipate afya, ana haki ya kuuliza dawa hiyo yauzwa wapi. Asipouliza, atashika ile maana ya kuni, na atachukua panga.

Utando wenyewe mfasiri ameuita "matandazo". Hapa amemgombanisha bwana shamba na nafsi yake. Tarime ni nchi ya kahawa na migomba, na mkulima wa huko amefundishwa kwamba matandazo ni kitu chema: huhifadhi unyevu na kuzuia magugu. Karatasi hii yamwambia ayaondoe. Kwa kweli hata utando wa nyasi ukiwa mwembamba hauna ubaya. Ukizidi unene wa sentimita 1 au 2 ndipo unapozuia maji kufika mizizini. Jambo tofauti lastahili jina tofauti, nasi twapendekeza "utando".

Neno "kwa upole" nalo halimsaidii mtu. Upole ni tabia ya moyo, na mwenye reki ataka kujua kina. Ukoka una mashina yanayotambaa juu na mengine chini ya ardhi, hivyo ukiparuliwa huchipua tena. Nyasi za jamii ya Stenotaphrum, ambazo hupandwa sana katika bustani za Afrika Mashariki, hutambaa juu ya ardhi tu. Ukiyakata mashina hayo, umekata uhai wake. Mfasiri asiyetaja kina amemwachia mtunza uwanja abahatishe.

La mwisho ni majira. Nyasi za Uingereza hustawi katika ubaridi, na wenyeji huko huifanya kazi hii hasa wakati majani ya miti yanapopukutika. Mfasiri ameandika "wakati wa vuli", kama ilivyo desturi ya wengi. Kwa bahati vuli yetu ni msimu wa mvua, na nyasi zetu zipendazo joto huchipua vizuri wakati huo. Kwa hiyo kosa la tafsiri limeziokoa nyasi. Lakini angeandika "mwezi Septemba", yuko mtu mahali fulani nchini ambaye angeparura uwanja mkavu, na mvua ya kwanza ingeondoka na udongo. Kinachopaswa kufasiriwa ni sababu, yaani nyasi ziparuliwe pale tu zinapoanza kukua kwa nguvu.

Basi tuseme nini? Kukwangua hakufai, maana anayekwangua ukoko hakusudii kubakiza kitu chunguni. Kuchakura ni kazi ya kuku, naye hufukua. Kuchana kungefaa, ila kuna maana ya kurarua pia. Sisi twapendekeza "kuparura", kitendo cha kucha kinachogusa juu tu; na pale kina kinapotakiwa kuwa kidogo, "kuparura juujuu". Kuchanja kubaki kwa ngozi. Kwa mbegu zenye ganda gumu, kama za migunga na milusina, ambazo hukwaruzwa ili zinywe maji na kuota, tuseme "kuchubua ganda". Neno moja la Kiingereza litakuwa limepata maneno matatu ya Kiswahili, wala hiyo si hasara.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, utaratibu wa kutafuta istilahi umekuwa kuanzia katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kubisha hodi kwa wageni. Walimu wa Tarime na Serengeti wanaosema Kikuria watatusaidia wakitueleza wazee wao wanakiitaje kitendo hiki. Ikiwa lipo neno linalompita "kuparura", tutaliondoa letu bila kinyongo.