Betri Kubwa kwenye Barabara ya Vumbi: Hesabu ya Haibridi Kutoka Nyamisati

Anayetoka Nyamisati, bandari ya Wilaya ya Kibiti, kwenda Kariakoo jijini Dar es Salaam kwa gari lake hupita barabara tatu zisizofanana. Ya kwanza ni takribani kilomita 40 kutoka bandarini hadi Bungu, njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo, mchanga na changarawe. Bungu anaikamata lami ya barabara kuu ya Lindi hadi Dar es Salaam, anazipita Jaribu Mpakani, Kimanzichana na Mkuranga bila kukanyaga breki sana. Akikaribia Kongowe anaingia kwenye foleni, na kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi mjini ni kusogea na kusimama. Kila barabara kati ya hizo inaipa haibridi, yaani gari la petroli lenye mota ya umeme, alama tofauti. Ndiyo maana dereva teksi wa Temeke na mfanyabiashara wa kamba wa Nyamisati wanaweza kununua gari lile lile, siku ile ile, mmoja akapata faida na mwingine akala hasara.

Swali lenyewe si la anasa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wenye magari wa Kibiti huisubiri siku hiyo kama wanavyosubiri bei ya korosho. Agosti 2022 petroli ya rejareja Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, tena baada ya Serikali kuweka ruzuku. Tangu hapo Toyota Aqua, Prius na Fielder za haibridi zimezidi kuulizwa na watu ambao zamani walikuwa na jibu moja tu: IST.

Kulinganisha Aqua na IST ni kulinganisha ndugu. IST ya cc 1,500 na Aqua ya kizazi cha kwanza zote zina injini ya familia ya NZ, ujazo wa cc 1,496. Tofauti ni kwamba injini ya Aqua hufuata mzunguko wa Atkinson: valvu za kuingiza hewa huchelewa kufunga, nguvu inapungua kidogo, lakini kila tone la petroli linatumika vizuri zaidi. Nguvu iliyopungua hufidiwa na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa ya nikeli iliyo chini ya kiti cha nyuma. Dereva anapokanyaga breki, mota hiyo hugeuka kuwa jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo kwenye IST ingepotea kama joto la pedi. Gari likisimama, injini inazima.

Kutokana na hapo mtu anaweza kutabiri haibridi itashinda wapi. Panapokanyagwa breki mara nyingi, kuna cha kurudisha. Kwenye lami iliyonyooka, ambapo gari linakwenda kilomita 80 kwa saa kwa nusu saa nzima, hakuna breki za kuvuna, na faida inayobaki ni ile ya Atkinson peke yake.

Sasa hesabu. Tuchukue safari ya kilomita 160 iliyogawanywa hivi: 40 za vumbi, 100 za lami na 20 za foleni. Tukadirie kuwa IST inakwenda kilomita 11 kwa lita kwenye vumbi, 16 kwenye lami na 9 kwenye foleni huku AC ikiwaka. Aqua tuipe 15, 21 na 20. Takwimu rasmi za Japani ziliipa Aqua kilomita 35.4 kwa lita ilipotoka Desemba 2011, lakini kipimo hicho hufanyika maabara, pasipo mashimo wala gunia la mchele kwenye buti.

Kwa makadirio hayo IST inatumia lita 12.1 na Aqua lita 8.4. Akiba ni lita 3.7 kwa safari ya kwenda tu. Jambo la kuangalia ni akiba hiyo imetoka wapi. Vumbi limeleta karibu lita 1. Kilomita 100 za lami zimeleta lita 1.5. Kilomita 20 za foleni zimeleta lita 1.2. Kwa maneno mengine, kipande kifupi cha Mbagala kinaingiza karibu sawa na mwendo wote wa Bungu hadi Kongowe. Anayeishi ndani ya foleni anavuna kila saa. Anayetoka Nyamisati anavuna mwisho wa safari tu.

Mfanyabiashara anayekwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi atatembea takribani kilomita 7,700 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, haibridi inamwokolea lita 177, yaani kama shilingi 530,000 kwa mwaka. Dereva teksi wa mjini anayetembea kilomita 30,000, kwa wastani wa kilomita 11 kwa lita kwenye IST na 19 kwenye Aqua, anaokoa karibu lita 1,150. Hizo ni shilingi milioni 3.4.

Wengi huishia kwenye hesabu ya mafuta, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu gharama kubwa ya haibridi haionekani kituo cha mafuta. Imekaa chini ya kiti.

Betri ya nikeli si dhaifu kama inavyosemwa vijiweni. Mwaka 2011 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima Prius ya 2002 iliyokuwa imetembea zaidi ya kilomita 330,000 ikiwa na betri yake ya awali, na ulaji wake wa mafuta ulikuwa karibu sawa na ule waliopima gari la aina hiyo likiwa jipya. Siri ni kwamba kompyuta hairuhusu betri ijae kabisa wala iishe kabisa, huichezesha katikati. Lakini gari linaloshushwa bandari ya Dar es Salaam leo mara nyingi limekwisha kuwa na umri wa miaka 10 au zaidi, na betri huchakaa kwa umri na kwa joto, hata gari likilala. Siku skana ya fundi inapoonyesha msimbo P0A80, maana yake kompyuta imeona makundi ya seli yamepishana volti kupita kiasi. Fundi wa bei nafuu atatoa seli moja iliyokufa na kuweka nyingine. Kwa wiki kadhaa gari litakwenda vizuri. Kisha seli za zamani, zisizoweza kwenda sambamba na ile mpya, huanza kufa moja baada ya nyingine.

Kwa Nyamisati kuna adui mwingine wa betri, naye anaonekana kwa macho. Karibu na kiti cha nyuma, pembeni au chini kulingana na aina ya gari, kuna tundu lenye nafasi nyembamba kama za spika. Humo feni ndogo huvuta hewa ya ndani ya gari kupoza betri. Baada ya msimu mmoja wa kiangazi kwenye barabara ya Bungu, feni hiyo ikifunguliwa hukutwa mapanga yake yamevaa koti la vumbi jekundu lililochanganyika na nyuzi za viti. Hewa haipiti, betri inachemka, na umri wake unakatika. Mizigo nayo huchangia: kiroba cha mchele wa Rufiji au ndoo ya kamba ikisukumwa hadi kwenye kiti cha nyuma huziba tundu lile lile. Kusafisha feni ni kazi ya fundi makini na brashi, wala haina gharama kubwa. Kutoisafisha ndiko kunakogharimu.

Chumvi ni hatari ya pili. Nchini Kanada, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, wenye RAV4 za haibridi za 2019 hadi 2021 walikuta kiungo cha waya wa umeme mkubwa wa mota ya nyuma kimeliwa na kutu, na Toyota ikalazimika kurefusha dhamana ya sehemu hiyo. Delta ya Rufiji haina barafu, lakini ina maji ya bahari yanayopanda na kushuka kati ya mikoko, na gari linalopakiwa kwenye kivuko kwenda Kilindoni kisiwani Mafia hurushiwa matone ya chumvi njia nzima. Hata lile linaloachwa Nyamisati mwenyewe akiwa Mafia lina shida yake. Haibridi inahitaji betri ndogo ya volti 12 kuamsha kompyuta, na betri hiyo ikiishiwa chaji kwa kukaa wiki tatu bila kuwashwa, betri kubwa haimsaidii mwenye gari.

Halafu kuna mafuriko. Aprili 2024 maji yalifunika makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mwezi uliofuata mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zikakata barabara kuu upande wa Somanga. Aqua imeinuka kutoka ardhini kwa takribani milimita 140, pungufu ya shubiri moja. Maji yakiingia ndani ya IST, viti huanikwa juani na safari huendelea. Yakiingia ndani ya Aqua, yanaikuta betri mahali pake.

Haki ya haibridi nayo itajwe. Aqua haina alteneta, haina stata, haina mkanda wa injini wa kukatikia njiani Mkuranga. Giaboksi yake ni meno ya sayari yasiyo na klachi wala mkanda, na ni nadra kusumbua. Pedi za breki hudumu kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kusimamisha gari. Upande wa pili, kompresa yake ya AC huendeshwa kwa umeme mkubwa na inataka oili maalumu isiyopitisha umeme. Fundi akiijazia oili ya magari ya kawaida, kompresa nzima inaingia hatarini. Waya za umeme mkubwa, zile za rangi ya chungwa, hazishikwi na asiyefundishwa. Mafundi wa haibridi wapo Dar es Salaam. Gari likigoma Nyamisati, hesabu ianze na gharama ya kulivuta.

Ushuru hauleti tofauti kubwa baina ya ndugu hawa wawili. Kanuni iliyozoeleka ya Mamlaka ya Mapato (TRA) hutazama ukubwa wa injini na umri: injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, likivuka miaka 10 asilimia 30. IST ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa hadi 2007, haikwepi ile asilimia 30, na Aqua za mwanzo nazo zimeshaangukia humo. Aqua ya umri mdogo hupunguziwa kiwango, lakini thamani yake ya kutozwa iko juu, hivyo mnunuzi afanye hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma fedha Japani.

Tukusanye sasa. Tuseme betri nzima pamoja na ufundi ni shilingi milioni 3, na Aqua imezidi IST yenye hali kama yake kwa shilingi milioni 4. Dereva teksi anaimaliza betri kwa matumizi. Tuipe kilomita 150,000, sawa na miaka mitano, na atenge shilingi 600,000 kila mwaka. Akiba yake halisi ni kama milioni 2.8, na tofauti ya bei inarudi ndani ya miezi 17.

Mfanyabiashara wa Nyamisati anaimaliza betri kwa umri. Tuipe miaka minane, jambo linalotaka feni safi na bahati njema. Atenge shilingi 375,000 kwa mwaka. Akiba yake ya mafuta inashuka kutoka 530,000 hadi 155,000. Milioni 4 zitarudi baada ya miaka zaidi ya 25, wakati ambao gari lenyewe halitakuwepo. Unafuu wa alteneta na pedi umeachwa nje kwa makusudi, kwani barabara ya Bungu huudai kwa njia ya usafishaji, safari za kwa fundi na chini ya gari kugongwa.

Wapo wanaodhani kuwa umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja juu ya mto huo huo wa Rufiji, utaipa haibridi unafuu. Hautaipa. Aqua haina pa kuchomeka waya. Umeme wake wote unatoka kwenye petroli. Unafuu huo ni wa bajaji na pikipiki za umeme, au wa haibridi za kuchajiwa ambazo bado ni chache barabarani.

Mambo mawili yanaweza kuubadili uamuzi wa mtu wa Nyamisati. La kwanza ni mahali anapolala: mwenye biashara anayekaa Mbagala siku nne za juma na kuzunguka mjini kwa gari hilo yuko karibu zaidi na hesabu ya teksi. La pili ni bei. Akitaka fedha yake irudi ndani ya miaka minne kwa safari zile mbili za mwezi, Aqua isiizidi IST yenye hali ileile kwa zaidi ya shilingi 620,000, na kabla ya kulipa, fundi awe ameingiza skana akasoma volti za kila kundi la seli gari likiwa limetoka kutembea, betri ikiwa bado moto.