Mwanasesere Aliyetaka Kuwa Mtu

Mchezo ni mwalimu wa kwanza wa mtoto. Kabla ya kujua kusoma wala kuandika, mtoto amekwisha kufundishwa mambo mengi na vitu vyake vya kuchezea. Huyu amejua kubembeleza kwa sababu amepewa gunzi la hindi lililovishwa kitambaa. Yule amejua kuamuru kwa sababu amepewa gari la waya na kuambiwa kwamba yeye ndiye dereva. Hakuna aliyewakalisha chini akawahutubia. Somo limewaingia taratibu, kama maji yaingiavyo udongoni. Kwa hiyo, msomaji, usione ajabu kwamba insha hii inakuita utie akili yako katika habari ya mwanasesere. Kitu kidogo cha kuchezea chaweza kubeba mzigo mkubwa wa mawazo.

Mwanasesere ninayetaka kumsema ni Barbie, na kazi ninayotaka kuipima ni filamu iitwayo kwa jina lake, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 21 Julai 2023. Iliongozwa na Greta Gerwig, aliyeiandika pamoja na Noah Baumbach. Margot Robbie alicheza kama Barbie, na Ryan Gosling alicheza kama Ken. Mapato yake duniani yalipita dola 1,400,000,000, na Gerwig akawa mwanamke wa kwanza kuongoza peke yake filamu iliyovuka mapato ya dola 1,000,000,000. Walakini wingi wa fedha si kipimo cha ubora, maana hata bidhaa hafifu huweza kujaza watu sokoni. Tuipime kwa mizani nyingine. Je, filamu hii inasema kweli juu ya mwanamke na mwanamume? Na kama inaisema kweli, je, inaisema vizuri?

Kwanza yafaa tujue asili ya mwanasesere mwenyewe. Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Mattel, alimtazama binti yake Barbara akicheza na wanasesere wa karatasi, akiwapa kazi na mazungumzo ya watu wazima. Wakati ule wanasesere wengi waliouzwa kwa wasichana walikuwa na umbo la mtoto mchanga, na msichana aliyewashika alikuwa na cheo kimoja tu katika mchezo wake, cheo cha mama. Tarehe 9 Machi 1959, katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini New York, Barbie alionyeshwa hadharani: mwanamke mzima, mwenye nguo zake na safari zake. Ken alikuja mwaka 1961. Tazama basi kwamba tangu dukani mwanamume huyu alikuwa mfuasi, naye alitengenezwa ili mwanamke awe na mtu wa kufuatana naye.

Lakini zawadi hii ilikuwa na pande mbili. Mwaka 1965 Barbie alivishwa mavazi ya mwanaanga, miaka minne kabla ya binadamu kukanyaga mwezi. Mwaka uo huo akatolewa Barbie mwingine, wa kulala ugenini kwa marafiki, ambaye vyombo vyake vilikuwa pamoja na mizani iliyogota kwenye ratili 110, na kitabu kidogo cha kupunguza uzito ambacho shauri lake lilikuwa kutokula. Mkono mmoja ulimwonyesha msichana nyota za mbinguni, na mkono wa pili ukamwondolea sahani ya chakula. Atakayeisahau habari hii hataielewa filamu, kwa kuwa filamu nzima imejengwa juu ya mikono hiyo miwili.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Katika Nchi ya Barbie kila kitu kina rangi ya waridi na kila siku ni njema. Rais ni Barbie, na majaji wa Mahakama ya Juu ni akina Barbie, kadhalika na madaktari na waandishi. Wanaume karibu wote huitwa Ken, na kazi ya Ken wetu ni ufuko. Si kuokoa watu wanaozama, la. Kazi yake ni kuwapo ufukoni tu. Usiku mmoja, katikati ya ngoma, Barbie anawauliza wenzake kama wamepata kufikiri juu ya kufa, na muziki unanyamaza. Kesho yake nyayo zake, ambazo siku zote zilisimama kwa vidole kama zimo katika viatu virefu, zinakanyaga chini bapa. Anaambiwa kwamba huzuni ya mtu anayemchezea imemwingia, na kwamba dawa yake ni kwenda katika ulimwengu wa watu amtafute mtu huyo. Ken anajificha katika gari lake na kusafiri naye mpaka Los Angeles.

Ufundi wa filamu hii u katika jambo moja: kioo kimepinduliwa. Anapoulizwa akina Ken hukaa wapi, Barbie hajui. Ni swali dogo, na watazamaji hucheka, lakini lichunguze tena, msomaji. Nyumba zote katika nchi ile ni za wanawake. Kila usiku ni usiku wa wasichana, na Ken huagwa nje. Barbie hampigi wala hamtukani. Hajapata tu kujiuliza mwenzake hulaza ubavu wapi. Kutojua kwake kunaieleza hali ya Ken kuliko ambavyo kofi lingeieleza, maana mtu huweza kumdhulumu mwenzake kwa upole kamili, huku akitabasamu, kwa kumhesabu kuwa pambo la maisha yake tu.

Sasa rudisha kioo mahali pake. Huko Marekani, nchi ya mwanasesere huyu, wanawake walihakikishiwa haki ya kupiga kura kwa badiliko la katiba ya nchi nzima mwaka 1920. Ni mwaka 1974 ndipo sheria ilipokataza wakopeshaji kumnyima mtu mkopo kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu ya ndoa yake. Mwanasesere Barbie aligombea urais mwaka 1992. Walakini hadi filamu hii ilipotoka, miaka 31 baadaye, taifa hilo lilikuwa halijapata rais mwanamke wa nyama na damu. Wahenga walinena kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Gerwig ameugeuza mkuki. Mwanamume anayetazama filamu hii na kumwonea Ken uchungu ameuonja, kwa saa mbili tu, uchungu ambao wanawake wengi walizaliwa nao na kuzikwa nao.

Lakini mkuki haukuachwa hapo. Ken anapofika Los Angeles anaona sura za wanaume katika fedha, anaona farasi, anaona wanaume wakiheshimiwa, naye anafurahi kama maskini aliyeokota mfuko wa dhahabu. Anaomba kazi na kukataliwa, maana hata huko uanaume peke yake hautoshi. Hutakiwa na shahada. Basi anarudi kwao na vitabu vya utawala wa wanaume, anawahubiria wenzake, nao wanazitwaa nyumba. Akina Barbie waliokuwa madaktari na majaji wanageuka kuwa wapelekaji wa bia. Baadaye Ken mwenyewe anakiri kwamba alipogundua kuwa utawala huo haukuwa habari ya farasi, hamu yake ilipungua.

Wavulana mnaosoma ukurasa huu, lishikeni jambo hili, maana hapa kicheko kina mwiba. Ken hakuupenda ubabe kwa sababu ya uovu wa moyo. Aliupenda kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumjulisha yeye ni nani. Alikuwa mtu wa kutazamwa na Barbie. Siku asiyotazamwa hakuwa mtu. Kijana asiye na kazi ya mikono yake, wala elimu, wala jina lake mwenyewe, huwa mwepesi kuvaa uanaume wa kuazima, na vazi la kuazima humbana avaaye na kumchoma aliye karibu naye. Sijaona mara nyingi kichekesho kikilieleza jambo hili kwa ukweli namna hii.

Hata hivyo mpimaji wa haki hutaja na kasoro. Kasoro ya kwanza iko katika hotuba ya Gloria, mama mfanyakazi anayechezwa na America Ferrera. Gloria anaeleza jinsi mwanamke anavyotakiwa kuwa vitu viwili vinavyopingana kwa wakati mmoja: awe mwembamba lakini asizidi, aongoze lakini asionekane kuamuru, awapende watoto lakini asiwataje mno. Maneno hayo ni ya kweli, na wengi waliyasikiliza kwa machozi. Lakini tazama kazi yaliyopewa katika hadithi. Kila Barbie aliyepumbazwa akisikia maneno ya namna hiyo, mara anazinduka, kama mgonjwa anayepona kwa kuonyeshwa chupa ya dawa. Sisi walimu tunajua kwamba ujinga haufukuzwi kwa hotuba moja. Mazoea yaliyojengwa miaka mingi hubomolewa kwa miaka, tena kwa jasho. Hapo filamu imekimbilia njia ya mkato.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mattel, wenye mwanasesere, walikuwa miongoni mwa waliotengeneza filamu hii. Ndani yake mkuu wa kampuni, anayechezwa na Will Ferrell, ni mtu wa kuchekwa, na meza ya wakurugenzi wake imejaa wanaume watupu. Kampuni kujicheka yaonekana ushujaa. Lakini mtu ajichapaye mwenyewe hajichapi mpaka damu itoke. Kuna msichana katika filamu, Sasha, binti wa Gloria, anayemshutumu Barbie usoni kwamba amewafanya wasichana wajione vibaya. Shutuma ni kali, na Barbie analia; lakini haipati jibu, inamezwa na vituko vya mbio na mavazi. Ile mizani ya mwaka 1965 haipewi nafasi ya kusema. Filamu imemlaumu mwenye duka huku imesimama mlangoni pa duka, na mlango ukabaki wazi kwa wanunuzi.

Wapo pia walioilaumu kwa kusema kwamba inawadharau wanaume, nao hutoa ushahidi wa mwisho wake. Akina Barbie wanairudisha serikali mikononi mwao. Akina Ken wanaomba kiti kimoja katika Mahakama ya Juu, na Rais anakataa. Labda, anasema, watapata cha mahakama ya chini. Kisha sauti ya msimulizi inatuambia kwamba siku moja akina Ken watakuwa na uwezo kama ule walio nao wanawake katika ulimwengu wa watu. Je, hii ndiyo haki? Hasha, wala filamu haisemi kwamba ni haki. Ni kioo kile kile kilichopinduliwa, nacho kimeachwa hivyo kwa kusudi. Ukiona kwamba kumnyima Ken kiti ni dhuluma, umeona vema. Basi jiulize kwa nini hukuuona uzito huo pale mnyimwa alipokuwa mwanamke. Kichekesho cha namna hii hakitoi shauri la kutawala nchi. Humchokoza mtazamaji mpaka atoe hukumu, kisha humwomba aihukumu nafsi yake kwa hukumu ile ile.

Nimeacha mwisho jambo lililo bora kuliko yote, nalo halina kelele. Akiwa Los Angeles, Barbie anaketi kwenye kiti cha kungojea basi karibu na bibi mzee. Nchini kwake hakuna wazee. Mikunjo ya uso hajapata kuiona. Anamtazama, machozi yanamlenga, anamwambia kwamba ni mzuri. Bibi anajibu kwa furaha kwamba yeye anajua. Basi. Gerwig amesimulia kwamba alishauriwa kukiondoa kipande hiki kwa kuwa hadithi ingeendelea bila yake, naye akakataa, kwa kuwa kwake hicho ndicho kiini cha filamu. Nami naona alikuwa na haki. Bibi yule amefanya kwa neno moja kazi ambayo hotuba ya Gloria haikuimaliza: ametuonyesha mtu ambaye thamani yake haikutoka machoni pa mwingine.

Hapo ndipo mwisho wa Barbie unapopata maana. Anamwambia Ken kwamba ni lazima ajue yeye ni nani pasipo Barbie. Halafu anakutana na Ruth Handler, anayechezwa na Rhea Perlman, akiwa kama kivuli cha muumba mbele ya kiumbe chake; maana Ruth wa kweli alifariki mwaka 2002. Ruth anamwonya kwamba wanadamu wana mwisho mmoja tu. Barbie anauchagua ubinadamu pamoja na uzee wake na kifo chake. Anajiandikisha kwa jina la Barbara Handler, na safari yake ya kwanza tunayoonyeshwa ni kwa daktari wa wanawake. Watu hucheka, lakini mzaha huo una heshima: mwanasesere hana mwili wa kuugua wala wa kutunzwa, na mtu anao.

Nchini Marekani filamu hii ilitolewa na onyo kwa wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13, nanyi mmekwisha kupita umri huo. Itazameni mkipata nafasi, mcheke, kisha mpime. Na siku mtakapowaona wadogo zenu wakicheza mchezo wa baba na mama chini ya mti, msiwapite haraka. Angalieni ni nani amepewa nyumba, nani amepewa kazi, na nani amesimama mlangoni akingoja kuitwa.