Vocha ya 500 kwa 600

Enzi za vocha za kukwangua, vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo viliijua kadi moja kwa bei mbili: 500 iliyochapwa juu yake na 600 anayoitaja mwenye duka. Wengi waliuita wizi. Mimi naona nauli.

Kampuni ya simu humlipa muuzaji kwa asilimia ya thamani ya kadi, na nauli haijui asilimia. Tuseme kamisheni ni asilimia 5 na duka limechukua kadi 100 za 500. Zikiuzwa kwa bei iliyochapwa, faida ni 2,500. Kama bodaboda ya kwenda Kasulu mjini na kurudi ni 5,000, mwenye duka amekula hasara. Akiongeza 100 kwa kila kadi anabakiwa na 7,500, na hapo sijagusa masika wala mtaji wa 47,500 unaolala kabatini ukingoja siku ya gulio. Mnunuzi naye ana hesabu yake: akiikwepa ile 100, nauli ni juu yake.

Kwa nini 100 na si 40? Chenji. Ndiyo maana wa kadi ya 1,000 akiuziwa 1,100 ameongezewa asilimia 10, wakati wa 500 anabeba asilimia 20. Hapa simtetei mwenye duka.

Kulikuwa na vocha iliyosafiri bila kadi pia. Kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, ndugu aliyeko Dar es Salaam aliweza kununua vocha, kuikwangua na kumsomea wa nyumbani tarakimu kwa simu, naye akaziuza dukani kwa pungufu apate taslimu. Mwenye duka makini hakulipia tarakimu za kwenye karatasi, maana huenda zimeshatumika; alizijaza kwanza kwenye simu yake. Pale mtandao uliporuhusu kurushiana salio, alikuwa amepata mzigo usio na nauli, akaurusha kwa wateja kidogo kidogo kwa bei ya kijijini. Kanunua chini ya thamani, kauza juu yake.

Pesa za simu zimeua sehemu kubwa ya biashara hiyo, kwani salio sasa hununuliwa kitandani. Nyongeza imehamia kwenye kukopa. Kwa Okoa Jahazi ya Safaricom, Kenya, anayekopa 100 hupewa 90. Muuzaji huyu halipi bodaboda. Gharama yake ni wanaotupa laini kabla ya kurejesha.