Fidla za Kaustinen

Tangu mwaka 1968, Kaustinen, mji mdogo wa nchi ya Ufini, huwakusanya wapigaji wa muziki wa kienyeji wakati wa kiangazi. Msomaji, usilipime tamasha hili kwa wingi wa watu. Jukwaa huleta sifa, nayo sifa yaweza kuugeuza muziki wa kijiji kuwa bidhaa ya kuuzia wageni. Kaustinen imeokoka, kwa maoni yangu, kwa sababu fidla haingojei tamasha: hupigwa arusini na nyumbani, na mtoto hujifunza kwa sikio, akipiga pamoja na wazee. Urithi huo ndio uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2021. Basi, uhukumupo tamasha lolote, uliza kwanza: wageni wakiisha kuondoka, ni nani atakayepiga?